Broka kasema ni Ming, mi nasema geuza kitako kwanza

Dada mmoja wa Mombasa kaniandikia, nafupisha kidogo: "Assalamu alaykum kaka. Mama alipofariki mwaka jana tuligawana vyombo vyake, mimi nikapata vitu vitatu. Kuna mtungi wa maua wa kijivu, una nyufa nyufa mwili mzima na picha za watu wanapigana juu ya farasi, chini una muhuri wa kahawia wa herufi nne za Kichina. Kuna kikombe cha chai chembamba chenye joka lililojitokeza, ukikiinua kwenye mwanga unaona sura ya mwanamke ndani ya kitako. Hivi viwili babu alikuja navyo, alikuwa baharia wa meli, tunayo picha yake moja tu kavaa kofia ya kazi. Cha tatu ni bakuli la buluu na nyeupe la bibi wa Lamu, lilikaa kwenye zidaka (vile vishubaka vya ukutani) tangu mama yuko mdogo, halikuchorwa vizuri na ndani lina duara halina rangi. Broka kaja kaona, kasema mtungi ni Ming wa miaka 500, kikombe ni cha samurai, bakuli ni la supu tu tulitumie. Ananipa elfu 8 kwa vyote. Nimuuzie? Na ni vya lini kweli?"

Wa alaykum salaam dada, na pole sana kwa mama, Mungu amrehemu. Usimuuzie, angalau si leo, na hilo bakuli la supu kama lishaingia jikoni litoe sasa hivi, manake kwa picha ulizonitumia ndilo lenye umri mkubwa kuliko vyote vitatu. Huyo broka kapindua kila kitu chini juu. Sijui kama ni makusudi au kweli hajui, wengi wao hawajui, wamejifunza neno moja tu la Ming, ukoo wa wafalme wa zamani wa China, na kila chenye mchoro wa Kichina ni Ming.

Tuanze na mtungi kwa sababu ndio uliomfanya aje mbio. Muhuri wako nimeusoma kwenye picha, herufi nne ndani ya kisanduku cha kahawia, zimechongwa si kuandikwa kwa brashi, zinasema Chenghua nian zhi, yaani kimetengenezwa miaka ya Chenghua. Chenghua kweli alikuwa mfalme wa Ming, alitawala 1465 mpaka 1487, kwa hiyo broka hakuota, kaambiwa na mtu au kasearch. Shida ni kwamba muhuri wa Chenghua ni kati ya mihuri iliyonakiliwa sana kwenye vyombo vya China, na walionakili wa kwanza walikuwa Wachina wenyewe na wala si kwa nia ya wizi. Enzi ya mfalme Kangxi, 1662 mpaka 1722, mafundi wa Jingdezhen, ule mji wa vyombo kule jimbo la Jiangxi, walikuwa wanaandika majina ya wafalme wa zamani kwa heshima, kama unavyompa mtoto jina la babu. Na kuna sababu nyingine, mwaka 1677 mkubwa wa serikali pale mjini alipiga marufuku kuandika jina la mfalme aliye hai kwenye vyombo, kwa sababu chombo kikivunjika kikatupwa jalalani jina la mfalme nalo limetupwa jalalani. Sasa fundi afanye nini, anaandika la marehemu au anachora majani tu, au anaacha duara mbili tupu.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza nayowaambia wote, muhuri unasoma mwisho. Unaanza na rangi, unakuja udongo, unakuja kitako, halafu ndio unauliza muhuri kama unakubaliana na wenzake. Ni kama shahidi mmoja kati ya wanne, na huyu ndiye anayependa kuongopa.

Rangi sasa. Kwenye picha yako ya tatu yule mpiganaji wa kushoto kavaa joho la waridi, pinki kabisa, na farasi wa nyuma ana tandiko la pinki hilo hilo. Basi kesi ya Ming imeisha hapo dada. Ile pinki inatokana na dhahabu iliyosagwa laini sana kwa kemia, na mafundi wa China walianza kuitumia kwenye miaka ya 1720 hivi, kabla ya hapo walikuwa na kijani, njano, nyekundu ya chuma, zambarau, buluu, lakini pinki ile nzito kama maziwa yaliyotiwa rose hakuna. Chenghua alikuwa kafa miaka zaidi ya 200. Ukipitisha kidole taratibu utasikia rangi imeinuka kidogo juu ya ngozi ya chombo, hiyo ni kwa sababu imepakwa juu ya glezi (ile ngozi ya kioo) na kuchomwa mara ya pili kwa moto mdogo. Buluu ya kobalti ni tofauti, ile inachorwa chini ya glezi kabla ya moto mkubwa wa nyuzi kama 1300 hivi, ukipitisha kidole husikii kitu, ni kama mchoro uko chini ya maji.

Halafu mtungi wako una kila kitu cha jamaa zake. Ngozi ya kijivu iliyopasuka pasuka kama matope ya ziwa lililokauka (hiyo si uzee, inatengenezwa makusudi, glezi inasinyaa kuliko udongo wakati wa kupoa), mikanda ya kahawia kama chokoleti shingoni na mabegani, masikio mawili ya kichwa cha simba ya rangi hiyo hiyo, wapiganaji wamejaa mwili mzima, na huo muhuri wa kuchonga. Ni aina moja maarufu iliyotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya kuuza nje mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, enzi ya Guangxu mfalme aliyetawala 1875 mpaka 1908 na baada yake kidogo. Mabandari yote ya Asia yalikuwa nayo, mabaharia na Wazungu waliokuwa wanarudi kwao walinunua kwa jozi kwa jozi. Kwa hiyo babu alinunua kitu kizuri, cha kweli cha Kichina, na kama alikinunua kwenye miaka ya 30 au 40 kilikuwa tayari na umri wake. Ming sio.

Na kidogo tufikirie kama watu wazima. Chombo cha kweli cha Chenghua ni kitu cha aina gani? Mwaka 2014 kule Hong Kong kikombe kimoja cha Chenghua, kidogo, upana kama sentimita 8, kimechorwa jogoo na mtetea na vifaranga, kiliuzwa mnadani dola za Marekani milioni 36. Sasa mtu anayeamini kwa dhati kwamba amesimama mbele ya mtungi mzima wa Chenghua atakupa shilingi elfu 8, tena kwa vitu vitatu?

Kikombe nakipitia haraka. Lile joka limetengenezwa kwa uji wa udongo unaokamuliwa kama mtu anavyoandika jina kwenye keki, na ile sura ya mwanamke chini haikuchorwa kabisa, ni udongo wenyewe umefanywa mwembamba hapa mnene pale, mwanga unapita zaidi kwenye wembamba ndipo unaona uso na nywele zake. Ni kazi nzuri sana, watoto wanaipenda, lakini ni zawadi ya bandarini ya Japani ya karne ya 20, kabla na hasa baada ya vita vya pili. Samurai, wale wapiganaji wa zamani wa Japani, walivuliwa panga zao mwaka 1876, hakuna samurai aliyenywea chai hapo. Geuza kitako na kioo cha kukuzia utafute maandishi madogo, wakati mwingine yamefutika nusu. Marekani ilipitisha sheria 1890, ikaanza kazi 1891, kwamba bidhaa kutoka nje ziandikwe nchi zilikotoka kwa Kiingereza, ndio maana vyombo vya Japani vikaandikwa "Nippon" (Japani kwa Kijapani), na kuanzia 1921 wakaambiwa Nippon haitoshi waandike "Japan". Ukikuta "Occupied Japan" hiyo ni baada ya vita, Wamarekani wakiwa wameikalia nchi, iliisha 1952. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoleta neno "China" kwenye vitako vya vyombo vya Kichina, na "Made in China" mara nyingi ni ya baadaye zaidi. Lakini hoja hiyo usiipindue, usiseme hakina maandishi basi ni cha kabla ya 1891, hapana, bidhaa zisizokwenda Marekani hazikulazimika, na nyingine zilibandikwa karatasi tu ikabanduka kwenye maji ya kwanza.

Haya, bakuli. Hapa nitakaa.

Umeniambia halikuchorwa vizuri kama vile unaliombea msamaha. Liangalie tena. Lile ua lililorudiwa rudiwa pembeni limechorwa haraka, brashi tatu nne amemaliza anaenda linalofuata, siku moja anachora mamia. Buluu yake si ile ya kung'aa, ina ukijivu, na weupe wenyewe ni weupe wa mayai ya bata. Sasa lile duara ndani ambalo ngozi ya kioo haipo, upana wa kidole, umesema unalisikia kama kukwaruza ukilipapasa. Duara hilo ndio cheti chake cha kuzaliwa. Vyombo vya ikulu vilichomwa kila kimoja ndani ya kasha lake la udongo, moto ukizunguka bila kukigusa. Vyombo vya watu wa kawaida fundi hana nafasi hiyo, anapanga bakuli juu ya bakuli kama tunavyopanga kabatini, lakini glezi ikiyeyuka yote yatashikana yawe nguzo moja ya kioo, kwa hiyo kabla ya kuyaingiza jokoni anaweka bakuli kwenye gurudumu, analizungusha, anafuta glezi duara moja mahali ambapo kitako cha bakuli la juu kitakaa. Mara moja tu, sekunde mbili. Hiyo alama ya sekunde mbili ndio unayoipapasa wewe leo.

Kazi ya namna hii ilitoka zaidi kusini, jimbo la Fujian, maeneo kama Dehua na Anxi, sio Jingdezhen, na ni ya enzi ya Qing (ukoo wa wafalme waliokuja baada ya Ming), karne ya 18 na 19. Kuna kitu kinachotusaidia sana kuyapa tarehe, meli zilizozama. Mwaka 1822 jahazi kubwa la Kichina linaitwa Tek Sing lilitoka Xiamen likielekea Batavia, ambayo leo ndio Jakarta, likagonga mwamba likazama na watu wengi sana. Mwaka 1999 lilipatikana na kutolewa vyombo kama laki tatu na nusu, vingi vyake vya Dehua, mabakuli na visahani vya kupangwa hivi hivi. Chombo kilichokutwa ndani ya meli hiyo huwezi kubishana nacho, hakiwezi kuwa cha baada ya 1822, basi unachukua cha kwako unakiweka pembeni ya wenzake unaangalia mkono wa mchoraji, upana wa duara, kitako kilivyokatwa. La bibi yako kwa ninavyoona liko kwenye familia hiyo, nikisema mwisho wa 1700 mpaka katikati ya 1800 sitakuwa nimekudanganya. Kubana zaidi ya hapo kwa picha ya simu ni kujifanya.

Lilifikaje Lamu? Watu wetu wakisikia China wanakimbilia kwa Zheng He, yule amiri wa meli za Ming, na yule twiga wa Malindi aliyepelekwa kwa mfalme wa Ming mwaka 1415, na ni kweli na ni hadithi tamu, lakini sio kila sahani imeshuka kutoka kwenye merikebu zake. Vyombo vya China vilikuwa vinafika pwani yetu karne nyingi kabla yake na karne nyingi baada yake, vikipita mikono ya Wahindi wa Gujarat na Waarabu wa Oman na Ghuba, bandari kwa bandari, kwa pepo za kusi na kaskazi. Ndio maana ukienda Gedi, Kilwa, Pate, vigae vya Kichina vinaokotwa chini tu, na kwenye makaburi ya mnara pale Mambrui na Kunduchi wazee walipachika mabakuli mazima mazima kwenye chokaa. Lamu ndani ya nyumba yakaenda kwenye zidaka, kwa urembo na kwa kinga pia, wako wazee walioamini bakuli likipasuka lenyewe limebeba husuda iliyokuwa inamjia mwenye nyumba. Bibi yako hakuliweka pale kwa bahati mbaya.

Sasa ulihakikishe mwenyewe, vifaa ni tochi ya simu, kioo cha kukuzia kama cha sonara, na taulo ukunje mezani chombo kisiteleze. Geuza. Ule mguu wa duara ambao bakuli linaukalia lazima uwe na sehemu tupu isiyo na glezi, papasa. Udongo wa zamani wa mabakuli haya ni mkavu kama biskuti, una chembe za mchanga zimeganda pembeni, wakati mwingine una wekundu mwembamba pale glezi inapoishia kwa sababu ya chuma kilichomo. Feki ya leo kitako chake aidha cheupe kama chaki na laini kupita kiasi, aidha kimepakwa kahawia sawa sawa kote. Halafu mikwaruzo. Chombo kilichotumika kina mikwaruzo ya kila upande, mirefu mifupi, imejaa pale kijiko kinapofika na haipo pale kisipofika. Wanaozeesha vyombo makusudi wanatumia msasa, mikwaruzo yote inakwenda njia moja kama nywele zimechanwa. Na ukiona mchoro wenyewe chini ya kioo umejengwa kwa vidoti vidogo vilivyopangwa kama picha ya gazeti, umemaliza, ni karatasi imebandikwa kiwandani, kirudishe.

Mi mwenyewe nilishapigwa, sikufichi. Miaka hiyo niko safarini nje ya nchi nikaingia duka moja nikaona sahani ya buluu, kitako cheusi cheusi uchafu umeingia kila kitobo, nikajisema hii imeona dunia, nikatoa pesa yangu yote ya zawadi za nyumbani. Nimefika nikailoweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, narudi baada ya nusu saa maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi, na sahani inang'aa kama imetoka dukani jana. Nikanusa. Ilikuwa ni chai. Mke wangu mpaka leo nikileta chombo nyumbani ananiuliza hiki na sukari umeweka?

Basi kuosha: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, beseni la plastiki lenye taulo chini, kimoja kimoja. Jiki usitie kabisa, inaingia kwenye nyufa za mtungi na inakula dhahabu kama ipo kwenye kikombe. Na ule mvunjiko mdogo wa ukingo wa bakuli usiuzibe na supaglu, acha hivyo hivyo.

Kuhusu kuuza, uko Mombasa, kabla ya yote nenda Fort Jesus na bakuli likiwa kwenye picha za simu. Pale kuna vyombo vilivyotolewa kwenye meli ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, na vigae vya Gedi pia. Simama pale uangalie buluu ya kabla ya 1697 ilivyo, halafu uangalie ya kwako, macho yako yatajifunza kwa dakika kumi kuliko mimi kukuandikia. Na ujue sheria ya Kenya inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa ni cha kale, kukitoa nje lazima kibali. Bakuli la bibi linaangukia humo kwa dalili zote, mtungi wa babu hapana maana yeye kauleta baadaye. Kwa hiyo mtu akikwambia ana mteja Dubai anapitisha tu kwenye begi, mwambie asante. Bei sitakutajia, lakini nitakwambia hivi, mtungi una soko la kawaida kwa sababu wenzake wako wengi, kikombe ni cha mapenzi tu, na bakuli kwa pesa huenda lisikutajirishe pia manake na lenyewe lilitengenezwa kwa malaki. Mimi ningelirudisha kwenye zidaka, lakini uamuzi ni wako.

Kitu kimoja naomba. Ile picha ya babu na kofia ya meli, itoe kwenye fremu taratibu uangalie nyuma. Zamani wapiga picha wa bandarini walikuwa wanagonga muhuri wa studio, jina la mji na mara nyingine mwaka. Nitumie nyuma yake, na kitako cha bakuli mchana karibu na dirisha, bila flashi, uweke sarafu ya shilingi 20 pembeni nione ukubwa.